Sabuni Haifiki Mapafuni

Sijui ni nani aliyetangaza kwamba kila anayenuka hajaoga, ila tangazo lake lilisikika mpaka uchochoroni kwetu. Ukikaa na mtu kwenye benchi la zahanati, akavuta ncha ya kanga puani na kusogea kidogo, basi kesi yako imekwisha: wewe mchafu, sabuni huijui, na waliokulea wana la kujibu. Hakuna anayekuuliza jana ulikula nini. Mimi naoga asubuhi, naoga jioni, najisugua kwa dodoki mpaka mgongo unawaka, na bado nikipanda kitandani mama watoto ananiambia, "Baba watoto, geukia ukutani."

Ukutani kuna nini? Ukuta sikuutolea mahari.

Halafu kuna hawa wenye makopo ya kupuliza kwapani. Kopo limeandikwa saa 48. Saa 48 za Dar es Salaam, mwezi wa pili, kwenye foleni ya benki mwisho wa mwezi! Ukipuliza saa moja asubuhi, ikifika saa nne kikwapa kimeshaamka, kimekutana na manukato, wameoana, na amezaliwa mtoto wa tatu ambaye hakuna anayetaka kumpa jina. Lakini tusilionee kopo. Kopo lilitengenezwa kwa ajili ya kwapa, na kuna harufu ambazo hazina habari na kwapa.

Hilo kwapa lenyewe nilimalize haraka, maana kila mtu anajifanya bingwa wake. Jasho likitoka tu halina harufu ya kutajwa. Sehemu kubwa ya mwili linatoka maji na chumvi, na kwapani, kuanzia ule umri wa kuvunja ungo na kuota ndevu, linatoka jingine lenye mafuta na protini. Bakteria waliofanya makazi pale wanalila hilo, na mabaki yao ndiyo tunayoyaita kikwapa. Wakorea wengi, kwa mfano, wamezaliwa na jeni ambayo imewaondolea mzigo huu karibu wote; makwapa yao yamekaa kimya tangu utoto. Ugawaji huo ulipofanyika sisi sijui tulikuwa wapi. Hata hivyo bakteria tunapambana nao: sabuni, ndimu, shabu iliyosagwa, kila bibi ana dawa yake, na nyingi zinasaidia.

Harufu ninazozilalamikia mimi ni zile zinazopita kwenye damu.

Presha yangu ilipopanda, daktari alinipa vidonge. Jirani yangu, fundi cherehani ambaye amewatibu watu wengi kuliko aliowashonea, akaniongezea kitunguu saumu. Alfajiri, kabla ya kitu chochote, tafuna punje mbichi. Vidonge naendelea navyo, maana daktari alisema saumu ni ya fundi na vidonge ni vyake, lakini saumu nayo nimeshikamana nayo kwa sababu fundi ananiuliza kila siku, na ukimdanganya anakujua kwa pumzi. Hiyo ndiyo taabu yenyewe. Si fundi tu anayejua. Mtaa unajua. Mbuzi wa jirani anajua.

Saumu nzima ikiwa kwenye kapu ni kiumbe mpole, hata hainuki sana. Ukiiponda au kuitafuna ndipo kimeng'enya kilichokuwa chumba kimoja kinakutana na kemikali iliyokuwa chumba cha pili, na inazaliwa alisini, yenye ule ukali wa salfa. Mmea unajilinda usiliwe. Wadudu wameelewa ujumbe. Sisi tumeongeza chumvi na ndimu tukaita kachumbari. Ikishafika tumboni inavunjika kuwa vitu vingi vyenye salfa, na kimoja, alili methili salfaidi, ni kikaidi kuliko vyote. Utumbo haukimalizi, ini halikimalizi, kinaingia kwenye damu kikiwa salama kabisa, damu inakipeleka mapafuni, na kutoka hapo kila ukipumua unakigawa bure kwa umma. Kingine kinatoka na jasho, kingine na mkojo. Mambo hayo yanaweza kuendelea mpaka kesho yake. Kupiga mswaki ni kufagia kizingiti wakati moshi unatoka jikoni.

Ndiyo maana nawaonea huruma pia wale wanaotoka baa wakitafuna bazoka. Sehemu ndogo ya pombe haivunjwi na ini. Inatoka vilevile ilivyoingia, kwa pumzi, jasho na mkojo. Kile kifaa cha trafiki cha kupulizia kinaishi kwa huruma ya sehemu hiyo ndogo. Bazoka iko mdomoni, pombe iko mapafuni, na trafiki hapimi bazoka.

Sasa, mtu akisemwa sana huanza kutafuta mashahidi. Mimi niliwapata mbali, mji wa Prague, Jamhuri ya Cheki. Huko kuna mtafiti anaitwa Jan Havlíček, yeye na wenzake kazi yao ni harufu za watu. Mwaka 2016 walitoa utafiti ambao ningependa usomwe kwa sauti kwenye vikao vya ukoo. Waliwalisha wanaume kitunguu saumu, wakawafungia pamba kwapani, kisha wakawapa wanawake wazinuse zile pamba na kuzipa alama. Wanaume waliokula gramu 6 hawakuonekana tofauti na wasiokula. Waliokula gramu 12, yaani punje kama nne hivi, pamba zao zilisemwa zinapendeza zaidi na si kali. Wanawake wenyewe wamesema! Bila kulazimishwa!

Nilimpelekea mama watoto habari hiyo alipokuwa anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa.

"Walinusa nini?"

"Pamba za kwapani."

"Kuna aliyenusa mdomo?"

Nikanyamaza.

"Basi mwambie huyo Mzungu wako kwamba mimi silali na kwapa lako peke yake. Na kama wanawake wa huko wanakutaka, nauli omba kwa fundi cherehani."

Watafiti hao hao, miaka kumi kabla, yaani 2006, walikuwa wameshafanya jambo jingine ambalo lingeweza kuleta vurugu hapa mjini. Walichukua wanaume 17. Kwa wiki mbili wakala na nyama nyekundu, na kwa wiki mbili nyingine wakala bila nyama, kisha pamba zikanuswa kama kawaida. Wakati wasipokula nyama, harufu yao ilionekana nzuri zaidi na si kali. Nilimsimulia habari hii mchoma nyama wa pale kijiweni, mtu anayeishi ndani ya moshi, ambaye kwake mbavu ya mbuzi ni sala. Aligeuza mbavu upande wa pili, akafikiri, akaniuliza, "Bosi, hao wanawake walikuwa wameshakula?" Sikuwa na jibu. Ila naona swali lake lina uzito, kwa sababu mtu mwenye njaa hapewi pamba, anapewa sahani.

Ukiunganisha tafiti hizo mbili unapata mwanaume wa Prague aliyekamilika: hagusi nyama, anatafuna saumu, anaishi kwa mchicha. Ananukia vizuri kwapani na anapumua kama ghala la viungo. Kila la heri kwake.

Dawa ipo, na yenyewe inanikera kuliko ugonjwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, waligundua mwaka 2010 kwamba maziwa yanapunguza ile salfa ya saumu kwenye pumzi. Maziwa yenye mafuta yanafanya kazi kuliko yaliyoondolewa mafuta, na ukiyanywa wakati unakula saumu ni bora kuliko ukisubiri baadaye. Tufaha na mnanaa navyo vimeonekana kusaidia. Vizuri. Sasa mimi nipige hesabu: saumu nanunua kwa sarafu, halafu niizime kwa maziwa yenye mafuta kamili na tufaha la kutoka Afrika Kusini? Na maziwa ya mtaani kwetu, mafuta yake yalishaondoka kabla ya ng'ombe kujua, nafasi yake yakawekwa maji ya bomba. Nikinywa hayo naisafirisha saumu tu kwa boti.

Upande wa samaki nina ushahidi wa kutosha kwa sababu nimekulia Tanga. Nyumbani papa mkavu akipikwa kwa nazi, nyumba ya tatu wanajua mnakula nini, na nyumba ya nne wanajua hamkuwakaribisha. Papa ana sababu zake. Anaishi kwenye maji ya chumvi, na ili yasimnyonye maji ya mwilini ameijaza nyama yake yurea, ile ile ambayo sisi tunaitoa kwenye mkojo. Akifa, bakteria wanaigeuza kuwa amonia. Juu ya hapo ana kemikali nyingine, wanayo samaki wengi wa baharini, ambayo ikivunjika inakuwa trimethilamini, na hiyo ndiyo shombo yenyewe inayong'ang'ania vidole, kikombe cha chai na noti ya elfu kumi.

Bibi zetu walikuwa wakimaliza kula wananawa kwa ndimu. Hawakupita maabara yoyote, lakini walikuwa sahihi kuliko kopo la saa 48: tindikali ya ndimu inaigeuza ile trimethilamini kuwa chumvi isiyopaa hewani, na kisichopaa pua haikioni. Ukwaju kwenye mchuzi wa papa unafanya kazi hiyo hiyo. Mimi ninaponawa kwa ndimu nyumbani kwa wakwe zangu wa bara, wananiangalia kama ninayefanya tambiko.

Hapa niweke kando mzaha kidogo. Ini la mtu mzima wa afya huichukua trimethilamini inayotokana na chakula na kuibadilisha iwe kitu kisicho na harufu. Wapo watu wachache waliozaliwa na kimeng'enya kisichoweza kazi hiyo. Wakila samaki, mayai, maini au maharage, shombo inawatoka kwenye jasho, pumzi na mkojo, hata wakioga mara ngapi. Ni maradhi, na yana jina: trimethilaminuria. Fikiria mtu wa namna hiyo anapita mitaani kwetu, kwa wananchi hawa ninaowajua, wenye midomo hii ninayoijua. Kama yuko mmoja karibu nawe, huyo ndiye asiyestahili kuambiwa akaoge.

Narudi kwenye malalamiko yangu. Shemeji yangu amejifungua, na kwa kuwa nyumba yetu ndiyo yenye chumba cha ziada, arobaini inamalizikia kwetu. Wamekuja shangazi na mafurushi yao, na ndani ya mafurushi kuna uwatu. Uwatu kwenye uji, uwatu kwenye mchuzi wa kuku, uwatu uliolowekwa usiku kucha ukawa na ute, wote kwa ajili ya kuleta maziwa. Sina ugomvi na mzazi, ale anachotaka. Ugomvi wangu ni kwamba uwatu una kitu kinaitwa sotoloni, chenye harufu ya sukari iliyoungua, na hicho kinapita mwilini na kutokea kwenye jasho na mkojo kikiwa kizima. Mzazi ananukia sukari. Mashuka yananukia sukari. Mtoto mchanga naye ananukia sukari, na huko hospitali za Ulaya na Marekani watoto kama hao wamewahi kuwashtua madaktari, kwa sababu kuna ugonjwa wa hatari wa kurithi ambao dalili yake ni mkojo wenye harufu hiyo hiyo. Wanapima damu mbio mbio, kumbe mama alikula uwatu. Kwa hiyo shemeji, ukimpeleka mwanao kliniki, taja uwatu mapema.

Na kama unadhani nalalamika bure, uliza watu wa New York. Kuanzia mwaka 2005 jiji lile lilikuwa likivamiwa na harufu tamu, inakuja usiku mmoja na kupotea, kama ule utomvu mtamu wa mti wa maple wanaomiminia chapati zao za asubuhi. Watu wakapiga simu za dharura. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 kila kitu kisichoeleweka kiliwatia hofu, hata utamu. Harufu ikaja tena na tena kwa miaka, wataalamu wakachukua vipimo vya hewa, wakafuata mwelekeo wa upepo, mpaka Februari 2009 meya Michael Bloomberg akasimama mbele ya waandishi wa habari na kutangaza mhalifu: kiwanda ng'ambo ya mto, New Jersey, kilichokuwa kinachakata mbegu za uwatu. Zaidi ya miaka mitatu! Wangemleta shangazi mmoja wa Ngamiani, kwetu Tanga, kwa tiketi ya kwenda tu, angeshuka uwanja wa ndege, angevuta pumzi, angeuliza, "Nani amejifungua?"

Mambo ya maharage na makande nayaacha, kwa kuwa mama mkwe husoma gazeti hili. Niseme tu kwamba maharage yakilowekwa usiku na yale maji yakamwagwa, ile sukari inayowasumbua watu tumboni inapungua, na kwamba sehemu kubwa kabisa ya upepo huo haina harufu yoyote. Wanaoharibu jina ni gesi chache zenye salfa, na mayai na kabichi ndio wanaozipa silaha. Ninayemlenga anajijua.

Ofisini nako kuna kijana ameacha wanga. Hali ugali, hali wali, hali chapati, anakula mayai na parachichi na kutuonyesha mkanda wake unavyorudi nyuma. Hongera. Lakini mwili ukinyimwa wanga unachoma mafuta, na mafuta yakichomwa sana yanatoa asetoni, ambayo ni ile ile iliyomo kwenye dawa ya kufutia rangi ya kucha, na inatoka kwa pumzi. Akikuinamia kukuonyesha kitu kwenye kompyuta unahisi umeingia saluni. Yeye naye anaongeza mnanaa. Mdogo wangu, mnanaa haufiki huko.

Waliotangulia walilifahamu jambo hili vizuri na walilisema bila kuzungukazunguka. Katika mafundisho ya Mtume, aliyekula kitunguu saumu au kitunguu maji kibichi ameambiwa asikaribie msikiti, kwa kuwa kinachowakera wanadamu kinawakera na malaika. Angalia busara iliyomo. Hakuambiwa ni mchafu, wala hakuambiwa aende akaoge. Ameambiwa akae mbali mpaka imwishe. Harufu imetajwa kwa chakula chake, na mtu amebaki na heshima yake. Pumzi ya mfungaji nayo, inayotokana na tumbo tupu, ikapewa sifa kuliko miski. Sisi wa leo tumeuacha ustaarabu wote huo, tumebaki na kuvuta kanga puani.

Singapore wao wamechagua ukali. Wamepiga marufuku doriani kwenye treni zao, tunda lile lile ambalo Wazanzibari wanalipanga hadharani sokoni Darajani bila kumwomba radhi mtu. Wamebandika alama kabisa, doriani na mstari mwekundu. Hapa kwetu alama hiyo haitawezekana, maana italazimu tuchore saumu, papa, kitunguu, mbavu ya mbuzi, uwatu, gongo na yai la kuchemsha, na daladala haina ukuta mrefu kiasi hicho.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Nyumbani, saumu iliwe na wote au isiliwe na yeyote, kwa sababu mla saumu hamsikii mla saumu mwenzake, na mama watoto ameanza kuelewa: jana nimemwona anaiponda kwenye kachumbari yake mwenyewe, na hakuna aliyetumwa ukutani. Ofisini, kila mtu aseme alichokula kabla hajasemwa. Na wewe dada uliyekaa kiti cha dirishani kwenye daladala la Mbagala, umefunga kioo kwa sababu ya upepo na nywele zimetoka saluni juzi: ndani humu tumo watu wengi, kila mmoja amekula chake, na sote tumeoga. Fungua kioo, tafadhali.